Utafiti wa Huduma za Dharura: Kupima Tiba ya Dakika za Mwanzo

Huduma za dharura za kitabibu huanza pale mgonjwa au majeruhi anapoonwa na mtu wa kwanza, na huishia anapokabidhiwa kwa daktari hospitalini. Katikati yake wamo wengi: mpita njia anayepiga simu, mpokea simu anayeuliza maswali na kutoa maelekezo, jirani anayekandamiza jeraha, dereva, wahudumu wa gari la wagonjwa, na wauguzi wa mapokezi ya dharura. Utafiti wa huduma hizi ni kazi ya kuuliza, kwa utaratibu ambao watu wengine wanaweza kuukagua, kama yanayofanywa katika dakika hizo yanamsaidia mgonjwa, hayamwongezei kitu, au yanamdhuru.

Kwa haraka, swali hilo linaweza kuonekana halina haja. Anayevuja damu azuiwe damu, asiyepumua asaidiwe kupumua, na kila mmoja apelekwe hospitali mapema iwezekanavyo. Lakini taaluma hii ilikua kwa kasi tangu miaka ya 1960, na tiba nyingi zilizotumika hospitalini zilipakiwa kwenye magari bila kupimwa barabarani, chumbani au shambani, mahali ambapo mwanga ni hafifu, mikono ni michache na historia ya mgonjwa haijulikani. Tiba hizo zilipokuja kupimwa, baadhi zilionekana hazifai.

Mazoea yaliyopimwa yakashindwa

Mfano wa kwanza ni suruali maalumu ya kujazwa hewa, iliyovalishwa majeruhi waliopoteza damu nyingi ili kubana miguu na tumbo. Hoja yake ilieleweka: damu ikisukumwa kutoka miguuni itafika kwenye moyo na ubongo, na shinikizo la damu litapanda. Ilienea katika magari ya wagonjwa ya Marekani kabla ya ushahidi wa kutosha kupatikana. Utafiti uliofanywa Houston kwa wagonjwa 911 na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa waliofariki miongoni mwa waliovalishwa walikuwa asilimia 31, na miongoni mwa wasiovalishwa asilimia 25.

Mfano wa pili ni wa watoto wasioweza kupumua vya kutosha. Kwa muda mrefu mpira unaoingizwa kwenye njia ya hewa ulihesabiwa kuwa tiba bora kuliko mfuko wa kupulizia hewa kwa barakoa. Katika wilaya za Los Angeles na Orange huko California, watafiti waliwafuatilia watoto 830 na kutoa matokeo mwaka 2000. Waliopona kwa mfuko na barakoa walikuwa asilimia 30. Kundi ambalo wahudumu waliruhusiwa kutumia mpira lilipata asilimia 26. Tofauti hiyo ingeweza kutokana na bahati tu, lakini ilitosha kuonyesha kuwa ufundi mgumu zaidi haukuleta faida iliyotarajiwa.

Mfano wa tatu umetoka Afrika Mashariki na ndio mzito kuliko yote. Utafiti wa FEAST, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, uliuliza kama mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu atolewe hatarini kwa dripu nyingi ya haraka, kama miongozo mingi ilivyofundisha. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa dripu ya albumini kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa dripu ya haraka. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto watatu zaidi katika kila mia walifariki kwa sababu ya tiba iliyotolewa kwa nia njema.

Suruali na dripu zinafanana kwa jambo moja. Alama inayoonekana mara moja ilikuwa nzuri: suruali ilikusudiwa kupandisha shinikizo la damu na iliweza kulipandisha, na katika FEAST dalili za mzunguko wa damu zilitengemaa mapema zaidi kwa waliopata dripu ya haraka. Mhudumu aliyesimama kando ya mgonjwa angeapa kwamba tiba inafanya kazi. Madhara yalijulikana tu baada ya wagonjwa wengi kufuatiliwa hadi mwisho na kulinganishwa kwa haki na wengine. Uzoefu wa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hauwezi kuona tofauti ya watatu kwa mia.

Kuunda swali

Utafiti huanza na swali lenye mipaka. Kuuliza kama magari ya wagonjwa yanasaidia ni kuuliza kitu kipana kisichojibika. Swali linalofanyiwa kazi hutaja mambo manne: wagonjwa gani, wanafanyiwa nini, wanalinganishwa na akina nani, na matokeo gani yatapimwa lini. Kwa mfano: kwa mama mjamzito anayevuja damu katika zahanati ya kijijini, je, kuitiwa gari la mwanakijiji aliyesajiliwa kunafupisha muda wa kufika hospitali ya wilaya kuliko kusubiri gari la wagonjwa la hospitali?

Kati ya hayo manne, matokeo yanayopimwa ndiyo yanayopotosha zaidi. Yako ya ngazi tatu. Kuna matokeo ya utaratibu, kama muda wa gari kufika. Kuna matokeo ya katikati, kama shinikizo la damu au mapigo ya moyo kurejea. Na kuna matokeo ya mwisho, yaani kuishi, kurudi nyumbani na akili timamu, kuweza kufanya kazi. Ngazi ya kwanza ni rahisi kupima, ndiyo maana hupimwa mara nyingi.

Muda wa dakika nane unaonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kusafiri mbali na asili yake. Mwaka 1979 watafiti wa King County, katika jimbo la Washington, walionyesha kuwa watu ambao mioyo yao ilisimama waliokoka zaidi iwapo kifua kilianza kukandamizwa ndani ya dakika nne na tiba ya juu ikafika ndani ya dakika nane. Hilo lilihusu moyo uliosimama. Baadaye dakika nane zikawa lengo la jumla la huduma katika miji mingi, hata kwa magonjwa ambayo hayakuwamo kwenye utafiti ule. Mwaka 2010 uchambuzi wa majeruhi 3,656 wa Amerika Kaskazini haukupata uhusiano kati ya urefu wa muda wa huduma ya njiani na vifo. Matokeo hayo yalipatikana mahali ambapo safari ni fupi na hospitali za majeruhi ziko karibu. Hayamruhusu mtu kusema kuwa saa sita za barabara ya vumbi hazina madhara.

Uzito wa matokeo ya mwisho ulionekana wazi katika utafiti wa adrenalini uliofanywa Uingereza kwa jina la PARAMEDIC2 na kuchapishwa mwaka 2018. Watu 8,014 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali walipewa ama adrenalini ama plasebo, yaani maji ya chumvi yasiyo na dawa. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 kwa adrenalini na asilimia 2.4 kwa plasebo. Lakini miongoni mwa walioishi hadi kutoka hospitali, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31.0 kwa adrenalini na asilimia 17.8 kwa plasebo, na idadi ya waliopona wakiwa na ubongo mzuri haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Anayehesabu mioyo iliyorejea atasema dawa imeshinda. Anayehesabu watu waliorejea katika maisha yao atatoa jibu lenye tahadhari zaidi.

Ili tafiti ziweze kulinganishwa, wataalamu walikutana mwaka 1990 katika abasia ya Utstein nchini Norwe na kukubaliana namna moja ya kuripoti matukio ya moyo kusimama: nani alishuhudia, nani alianza kukandamiza kifua, mdundo wa kwanza ulikuwa upi, na nani aliruhusiwa kurudi nyumbani. Bila makubaliano ya namna hiyo, mji unaohesabu wagonjwa wote na mji unaohesabu wale tu waliofika hospitali wakiwa hai hutoa asilimia zisizolingana, ingawa zote huitwa kiwango cha kuokoa.

Mbinu za uchunguzi

Mbinu nyepesi zaidi ni kuangalia yanayotokea bila kuyabadili. Mtafiti hukusanya kumbukumbu na kulinganisha makundi. Utafiti mmoja wa mwaka 1998 ulilinganisha majeruhi wa uti wa mgongo waliopelekwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Malaya bila kufungwa kwenye ubao, na wale wa New Mexico waliofungwa wote. Wale wa Malaya walipata ulemavu wa neva kwa kiwango kidogo zaidi. Matokeo hayo yalitikisa mazoea ya miaka mingi, lakini hayakuweza kuyahukumu peke yake: nchi mbili hutofautiana kwa barabara, ajali, vipimo, na hata kwa nani anakufa kabla ya kufika hospitali na hivyo kutohesabiwa.

Mbinu ya pili ni kulinganisha kabla na baada. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mradi wa OPALS ulifuatilia miji 17 iliyokuwa na mashine za kushtua moyo zinazofika haraka, kisha ikaongezewa wahudumu wa ngazi ya juu wenye dawa za mshipa na ujuzi wa kuweka mpira wa hewa. Matokeo ya moyo kusimama yalitolewa mwaka 2004: waliopona walikuwa asilimia 5.0 kabla na asilimia 5.1 baada. Mradi huohuo, ulipochunguza wagonjwa waliobanwa na pumzi, ulikuta vifo vimepungua kutoka asilimia 14.3 hadi 12.4. Wahudumu walewale wa ngazi ya juu hawakuwaongezea kitu wagonjwa wa aina moja, na wa aina nyingine waliwafaa. Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba miaka ikipita mambo mengine hubadilika pia, kama vile dawa, barabara na tiba ya hospitalini.

Mbinu yenye nguvu zaidi ni kuwagawa wagonjwa kwa nasibu, ili makundi yafanane kwa yanayojulikana na yasiyojulikana. Katika dharura hakuna nafasi ya kufungua kompyuta wakati mtu anakata roho, kwa hiyo watafiti wamebuni njia mbalimbali. Houston, katika utafiti wa 1994 wa majeruhi 598 wa risasi na visu kifuani na tumboni, waligawanywa kwa siku: siku moja dripu ilianza mara moja, siku iliyofuata ilisubiri hadi chumba cha upasuaji. Waliosubiri walipona kwa asilimia 70, wenzao kwa asilimia 62. Njia hii ni rahisi, ila mhudumu anajua mapema mgonjwa wa leo atapata nini, na anaweza kuchagua nani aingie. Katika tafiti za Uingereza, mashine ya kukandamiza kifua iligawanywa kwa magari, na njia mbili za kufungua njia ya hewa ziligawanywa kwa wahudumu. Adrenalini ilifungwa katika vifurushi vinavyofanana, na hakuna aliyejua kilichomo.

Kuna pia maswali ambayo takwimu pekee haziyajibu. Kwa nini familia inasubiri asubuhi kabla ya kumpeleka mgonjwa? Kwa nini dereva anaogopa kumbeba majeruhi? Hapa mahojiano marefu na mijadala ya vikundi hutoa majibu ambayo hakuna fomu ingeyapata.

Kumbukumbu, idadi na mitego

Utafiti hauwi bora kuliko kumbukumbu zake. Katika huduma za dharura kumbukumbu hukatika katikati: fomu ya gari inaishia mlangoni mwa hospitali, na faili la hospitali linaanza bila kujua yaliyotokea njiani. Kuunganisha nyaraka hizo mbili ni kazi ya kwanza, maana bila hiyo hakuna anayejua kama mgonjwa aliishi. Saa nazo zilinganishwe. Saa ya mpokea simu, ya gari na ya hospitali zikipishana kwa dakika tano, hesabu yote ya dakika huharibika. Mtu mmoja akiandika muda kwa kukumbuka baada ya kazi, mara nyingi huandika namba zinazoishia na sifuri au tano.

Idadi ya wagonjwa hukadiriwa kabla ya kuanza. Ikiwa wanaopona ni asilimia 3 na inatafutwa tiba ya kuwafikisha asilimia 4, kwa vigezo vya kawaida vya takwimu wanahitajika wagonjwa wapatao 5,300 katika kila kundi. Utafiti wa watu mia mbili katika hali hiyo hautathibitisha wala kukanusha kitu, na msomaji asidhani kuwa tofauti isiyoonekana ni tofauti isiyokuwepo.

Mtego mkubwa wa tafiti za kuangalia tu ni kwamba tiba hufuata hali ya mgonjwa. Moyo unaorejea mapema haufikii kupewa dozi nyingi za dawa. Unaochelewa hupewa dozi baada ya dozi. Mtu akilinganisha dozi na vifo, dawa itaonekana inaua hata kama haina kosa. Mtego mwingine ni wa walionusurika: aliyepewa huduma baada ya saa mbili lazima awe ameishi saa mbili hizo, na hivyo kundi lake tayari limechujwa na kifo.

Maadili pale mgonjwa asipoweza kusema

Tangu Tamko la Helsinki la mwaka 1964, ridhaa ya mshiriki imekuwa nguzo ya utafiti wa tiba. Mgonjwa wa dharura anaweza kuwa hana fahamu, na ndugu wako mbali. Kumwacha nje ya utafiti kabisa ni kumhukumu aendelee kupewa tiba zisizopimwa. Kumwingiza bila ulinzi ni kumdhulumu. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996 inayoruhusu utafiti bila ridhaa ya awali katika hali zinazohatarisha maisha, kwa masharti ya kushauriana na jamii na kuutangaza utafiti hadharani kabla na baada. Katika PARAMEDIC2 wasiotaka kushiriki waliweza kuomba bangili yenye kuwatambulisha. Katika FEAST, pale mtoto alipokuwa taabani, mzazi aliombwa kibali cha mdomo kwanza, na ridhaa kamili ikaombwa hali ya mtoto ilipotulia.

Jamii isiposhirikishwa, utafiti wenyewe huvunjika. Jaribio la adrenalini la Australia Magharibi, lililochapishwa mwaka 2011, lilipangwa kwa wagonjwa wapatao 5,000 kutoka huduma kadhaa. Huduma nyingine zilijitoa kwa hofu ya kimaadili na lawama za umma, likabaki na wagonjwa 534. Swali lilisubiri miaka saba mingine kujibiwa.

Kwa Afrika Mashariki, kibali hupitia kamati ya maadili ya taasisi na mamlaka ya taifa: Tanzania Bara ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Kenya ni NACOSTI, na Uganda ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kibali cha karatasi hakitoshi. Wazee wa mtaa, viongozi wa dini, maofisa watendaji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio wanaoeleza utafiti kwa lugha ya watu na kurudisha malalamiko yao.

Maswali ya Afrika Mashariki

Tafiti nyingi zilizotajwa zinachukulia kuwa gari la wagonjwa lipo na linakuja. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki majeruhi hufika hospitali kwa bodaboda, bajaji, teksi, gari la msamaria au la polisi. Utafiti unaohesabu safari za magari ya wagonjwa pekee huwaacha walio wengi. Ndiyo sababu mtafiti wa Tanzania huhitaji kusoma pamoja rejista ya mapokezi, kumbukumbu za polisi ikiwemo fomu ya PF3, na daftari la chumba cha maiti. Kila chanzo kinakosa watu ambao kingine kinao, na wanaofia barabarani mara nyingi hawamo kwenye faili la hospitali yoyote.

Mfumo wa ucheleweshaji wa aina tatu, ulioelezwa mwaka 1994 kwa ajili ya vifo vya uzazi, unafaa kupanga maswali haya: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kununua magari hugusa ucheleweshaji wa pili tu. Utafiti usipopima yote matatu, unaweza kusifu safari iliyofupishwa ilhali mama amesubiri nyumbani usiku kucha, au amefika hospitali isiyo na damu.

Zipo tayari kazi za kujengea. Nchini Ghana madereva 335 wa magari ya biashara walifundishwa huduma ya kwanza, na kati ya 71 waliohojiwa baadaye, asilimia 61 walisema wamewahi kuitumia. Kampala, watu 307 wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, walipewa mafunzo ya namna hiyo na matokeo kuchapishwa mwaka 2009. Rwanda ina huduma ya SAMU inayopokea simu kupitia namba 912. Tanzania ina mfumo wa m-mama, ambapo simu kwenda namba 115 huwezesha mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga kusafirishwa na gari la wagonjwa au dereva wa jamii anayelipwa kwa simu. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010, imekuwa mahali pa kuwafunza madaktari bingwa wa fani hii. Kila moja ya huduma hizi ni chanzo cha takwimu, endapo simu, safari na matokeo ya mgonjwa vitaunganishwa.

Kwa kuwa kipimo cha mwanafunzi kukumbuka somo ni rahisi, tafiti nyingi za mafunzo huishia hapo. Hatua inayohitajika ni kwenda mbele: je, majeruhi waliosaidiwa na madereva waliofunzwa walifika wakiwa na hali bora, na je, walipona zaidi?

Kutoka matokeo hadi tiba

Matokeo huwa na maana yanapobadili kazi. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliiweka kwa ajili ya majeruhi katika orodha ya dawa muhimu. Uchambuzi zaidi ulionyesha kuwa dawa hiyo huokoa ikitolewa ndani ya saa tatu, na baada ya hapo vifo vya kuvuja damu huongezeka. Kwa nchi ambako majeruhi wengi hufika baada ya saa hizo, ugunduzi huo unaibua swali jipya la utafiti: dawa itolewe wapi, na nani, kabla ya hospitali?

Anayesoma ripoti ya aina hii anapaswa kukagua mambo machache kabla ya kubadili utaratibu wa kazi: kama wagonjwa wa utafiti wanafanana na wake, kama kundi la kulinganisha lilipatikana kwa haki, kama walioanza wote walihesabiwa mwishoni, kama kilichopimwa kina maana kwa mgonjwa, na kama vifaa na watu wa kuitoa tiba hiyo wapo. Tiba ikishaanza kutumika, kumbukumbu ziendelee kuandikwa, kwa sababu tiba iliyofaulu mikononi mwa wahudumu waliofunzwa kwa ajili ya utafiti inaweza kutoa matokeo tofauti katika kituo chenye mhudumu mmoja wa zamu ya usiku.